Uzi Mwekundu wa Malkia

Leberecht Quandt, mtoto wa fundi vifungo,
alizaliwa Hohenlauth mwaka ambao kiangazi hakikuja,
katika chumba kilichonuka mifupa ya kuchemshwa.
Aliliandika hilo ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kwanza.
Ndilo lililoondolewa kwanza.

Mimi ni Sidonie. Nilimnakilia miaka thelathini na mmoja.
Mwandiko wake ulikuwa nyayo za kuku,
wangu ulisomeka hata kwa jicho la Malkia
lililokwisha kuingia ukungu.

Malkia alimpendea nini? Watu wa mji walisema yao.
Mimi nilikuwepo: alimpendea sentensi moja,
ya mjane anayepima kitambaa cha sanda
huku akiomba apunguziwe bei.
Malkia alicheka, kisha akaitafuta leso.
Kesho yake ikaja barua yenye lakiri:
thala mia nne kwa mwaka, kuni za majira ya baridi,
nyumba ya lango la mashariki,
mishumaa miwili kila usiku.
Wa tatu, ujigharamie.

Na sharti. Mkono unaolisha nao una kucha.
Kila sura isomwe mbele yake kabla ya kupigwa chapa.
Alikaa na bakuli la nyuzi mapajani,
na penye neno lisilomkalia vizuri
alichoma sindano, akavuta uzi mwekundu, akafunga fundo.
Hakusema kitu.

Shamba lililouzwa kulipia kamari ya mwanamfalme: fundo.
Askari aliyelilia mguu wake badala ya taifa: fundo.
Busu, katika vitabu vitatu tofauti: fundo, fundo, fundo.
Mjane wa sanda aliachwa abaki,
ila muuza kitambaa akafanywa mwepesi zaidi wa huruma.

Vitabu kumi na tisa.
Leipzig walivichapa kwa jalada la buluu,
wake wa madaktari wakavisoma wakisukwa nywele,
na mkosoaji mmoja wa Dresden akaandika:
"Quandt ni supu nzuri iliyosahau chumvi."
Alilikata lile gazeti, akalitia ndani ya buti,
akalikanyaga majira yote ya baridi.

Nami kila karatasi yenye uzi niliitia
katika debe la unga, chini ya ngazi.
Hakuniambia nizitunze. Hakuniambia nizichome.

Macho yalipozima kabisa, Malkia aliendelea kwa masikio.
Aligonga pete kwenye mkono wa kiti: ng'o!
Na sindano nikapewa mimi.
Niseme uongo sasa, uzeeni? Mara nyingine aligonga,
nami nikafunga fundo kwenye mstari wa jirani.
Ndivyo askari wa kitabu cha kumi na saba
alivyopata kuulilia mguu wake.
Hakuna aliyejua.
Au Malkia alijua, akaiacha pete itulie.

Alikufa Februari. Ardhi iligoma kuchimbika.
Mrithi alikuwa mtu wa reli na mizinga;
barua yake haikuwa hata na lakiri.
Tukahama langoni kwa mkokoteni wa muuza kabichi:
vitanda viwili, sanduku la wino, debe la unga.

Hapo ndipo nilipolifungua mbele yake.
Karatasi mia nane na ushei.
Nikasema: Hiki hapa kitabu chako, na kiti kile ki kitupu.

Alisoma siku kumi na moja bila kunyoa ndevu,
akichomoa uzi mmoja mmoja, akiulaza mezani
kama mtu atoaye miiba ya samaki.
Kisha akaandika ukurasa mpya. Mmoja.
Nikanoa kalamu, nikaungoja.

Usiku wa manane nikamkuta wino umemkaukia,
kichwa kimeelekea pembeni, pasipo na mtu,
mkono wa kushoto ukizikusanya zile nyuzi.
"Sidonie," akasema, "nigongee."

Sikugonga.
Niliwasha mshumaa wa tatu,
nikatoka, nikauacha mlango wazi kidogo,
nisikie kama atagonga mwenyewe.